DUNIA INAISHA, MBONA WIGI LINALIPIWA KWA AWAMU?

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa, na nusu ya Dar ilikuwa nje ya nyumba, simu mkononi, shingo juu. Kuanzia kama saa mbili na nusu usiku mwezi ukawa mwekundu, ukakaa hivyo zaidi ya saa nzima, halafu ukarudi zake kuwa mweupe. Watu wakaingia ndani kulala kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatatu na foleni ya mwendokasi haijali mwezi.

Ila kabla watu hawajalala, dada mmoja staa wa mjini, yule mwenye duka la mawigi na sauti ya kudeka, alikuwa ameshapandisha klipu. Mwezi mwekundu, muziki wa kutisha chini yake, na maneno makubwa: SIKU ZA MWISHO HIZI, TUTUBU JAMANI. Komenti zikamiminika. Amina. Maranatha. Allah atusitiri. Tumekwisha. Wengine wanalia, wengine wanaomba msamaha kwa ex zao humohumo kwenye komenti, ilikuwa burudani ya usiku mzima.

Jumanne asubuhi ukurasa uleule ukatangaza mzigo mpya. Mawigi ya nywele za binadamu, marefu ya kufika kiunoni, chukua sasa hivi, lipa kidogokidogo mpaka mwezi wa kumi na mbili.

Mwezi wa kumi na mbili! Yaani dunia ipo kwenye siku zake za mwisho lakini marejesho ya wigi yamepangwa hadi Desemba.

Na hapa mtu asiseme ni wivu wa mjini. Biashara ya mawigi ni halali na dada anajituma. Tatizo ni lile tangazo la kwanza, la mwezi. Kwa sababu mwezi ule haukuwa na siri yoyote. Dunia ilipita katikati ya jua na mwezi, kivuli chake kikaufunika mwezi, na mwanga kidogo wa jua uliopenya kwenye hewa ya dunia ukafika kule ukiwa mwekundu, kama jua linavyokuwa jekundu likichomoza pale Coco Beach. Wataalamu walishajua dakika yake miaka mingi kabla. Ishara ya mwisho wa dunia yenye ratiba iliyochapishwa kabla dada hajafungua hata hilo duka!

Bongo hii hii, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipatwa likabaki pete ya moto angani, na watu walifunga safari hadi Rujewa kule Mbarali, Mbeya, kwenda kuliona. Wanafunzi walikuwepo, wazee walikuwepo, wageni walikuwepo. Jua likarudi, watu wakarudi makwao. Hakuna aliyeuza kitanda.

Mwaka 2025 watu waliuza vitanda.

Maana Septemba hiyohiyo ikaja ile habari ya Afrika Kusini. Mhubiri mmoja wa huko alihojiwa YouTube akasimulia kwamba Yesu alimtokea kwenye ndoto akamwambia unyakuo ni tarehe 23 na 24 Septemba 2025. Mahojiano yakakatwa vipande, vipande vikaingia TikTok, TikTok ikafanya kazi yake. Marekani watu wakaanza kujirekodi wanavyoaga kazi, mwingine anaonyesha gari alilouza, mwingine anaelekeza ndugu zake wasioamini namna ya kufungua simu yake akishanyakuliwa. Klipu zikavuka bahari, zikatafsiriwa, zikawekewa sauti za Kiswahili na ngoma ya kuogofya, zikatua kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani.

Kuna mama mmoja wa Tandika, mshonaji, watoto watatu, baba yao hajulikani alipo. Alikuwa na cherehani na jokofu la kuuzia barafu na ubuyu wa maji. Alikuwa kwenye mchezo wa kina mama wa mtaa, kila wiki anampelekea kijumbe hela yake, na zamu yake ya kupokea ilikuwa Oktoba. Klipu ya kwanza aliitazama akacheka. Ya pili hakucheka. Baada ya wiki alikuwa kwenye grupu la maombi ambalo kila usiku saa sita linatumiana sauti, na kwenye hilo grupu kuna namba ya kutumia sadaka ya maandalizi.

Akaacha kutoa mchezo. Akamwambia kijumbe wazi kabisa kwamba Oktoba haitamkuta. Jokofu akaliuza laki mbili na nusu, jokofu ambalo Ilala hulipati likiwa limetumika kwa chini ya laki tano. Laki moja ikaenda kwenye ile namba, iliyobaki ikanunua nguo nyeupe za watoto na chakula cha wiki. Jumatatu tarehe 22 watoto hawakwenda shule.

Na aliyenunua jokofu ni nani? Jirani wa nyumba ya tatu. Naye alikuwa kwenye lile grupu. Naye aliandika amina kwenye ile klipu, na ushahidi upo. Mtu anaamini Jumanne dunia inafungwa, halafu Jumamosi anapatana bei ya jokofu mpaka anapunguziwa elfu hamsini. Ya kugandisha nini?

Jirani huyu ndiye picha kamili ya hii mambo. Watu kama yeye ndo wengi. Wanaandika amina na kuituma klipu mbele kwa watu kumi kama ilivyoagizwa, ila ukiangalia mikono yao inaendelea kununua, kukopesha, kuweka vocha. Kichwani wana dunia mbili, moja inaisha kwenye simu, nyingine inaendelea kwenye pochi. Hatari inampata yule mmoja ambaye hana hiyo akili ya kugawa mambo, anayesikia neno na kulibeba kama lilivyo. Huyo ndo anauza jokofu.

Sasa kwa nini watu wanaipenda hivi? Maana wanaipenda, hilo halina ubishi. Weka klipu ya namna ya kupika maandazi na klipu ya Dajjali kaonekana kisiwani, uone ipi inatazamwa mpaka mwisho. Jibu la haraka ni kwamba watu wana hofu. Siyo kweli. Mtu mwenye hofu ya kweli hajirekodi. Mtu aliyeona nyoka chumbani hatafuti mwanga mzuri.

Mchukue kijana wa miaka 24, kamaliza form four, anaishi kwa mama yake, bodaboda anayoendesha ni ya mtu na hesabu ya siku lazima ipelekwe. Kachukua mkopo kwenye simu, umekwama. Kila asubuhi namba ngeni zinapiga, na wakopeshaji wameshatuma ujumbe kwa shangazi yake, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa demu aliyekuwa anamfukuzia, kila mtu aliyepo kwenye simu anajua kwamba jamaa anadaiwa elfu sitini. Siyo stori ya kutunga hii hali, Novemba 2024 Benki Kuu ilibidi itoe orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali. Sasa huyo kijana usiku kajilaza, anaangalia simu, anakuta mtu anamwambia zimebaki siku tisa kila kitu kizimwe.

Kwake hiyo siyo habari mbaya. Hiyo ni likizo. Deni limefutwa, hesabu ya boda imefutwa, na yule classmate wake aliyejenga Mbweni anarudi kuwa sawa na yeye saa hiyohiyo. Hakuna tena aliyechelewa maisha. Mtu haogopi mwisho wa dunia, anaogopa mwisho wa mwezi, na mwisho wa dunia ndo kitu pekee kinachoahidi kwamba mwisho wa mwezi hautafika.

Kina mama wa kausha damu nao hivyohivyo. Mwanamke anayejificha chooni kila Ijumaa afisa mikopo akipita na kitabu chake, mwambie Ijumaa ijayo haipo. Atakuuliza umejuaje? Hapana. Atasema amina.

Halafu kuna utamu wa pili, huu hausemwi sana. Dunia ikiisha wakati wako, basi wewe ni mtu muhimu. Karne zote watu wamezaliwa wakafa, manabii wamepita, wafalme wamepita, lakini sehemu ya mwisho kabisa ya hii sinema umepangiwa wewe wa Mbagala Rangi Tatu. Nani anakataa? Hakuna anayetaka kuwa mtu wa katikati, aliyezaliwa, akalipa kodi ya nyumba, akafa, na dunia ikaendelea bila hata kusimama kidogo. Kila kizazi kimejipa hiyo heshima. Mkulima mmoja wa Marekani, William Miller, aliaminisha maelfu ya watu, na tarehe 22 Oktoba 1844 walikesha wakisubiri, wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Mzee mwingine wa redio ya dini kule California akataja tarehe 21 Mei 2011, ikapita, akasogeza hadi 21 Oktoba, ikapita, mwaka uliofuata akakiri alikosea. Kuna mstaafu wa New York alikuwa ameshamwaga zaidi ya dola 140,000 za akiba yake kwenye matangazo ya ile Mei. Ukikiri umekosea, hela ya mstaafu inarudi? Hairudi.

Na 2012 je? Mtu aliyekuwa shule kipindi hicho anakumbuka stori za darasani, ooh kalenda ya Wamaya imeisha tarehe 21 Desemba. Kumbe kalenda ilikuwa inamaliza mzunguko mmoja mrefu na kuanza mwingine, kama namba za maili kwenye daladala zikifika tisa zote zinarudi sifuri, gari halilipuki. Lakini Hollywood ilikuwa imeshatoa sinema yake miaka mitatu kabla, 2009, ikakusanya zaidi ya dola milioni 700 duniani. Kule Ufaransa kijiji kidogo kinaitwa Bugarach kilivumishwa kwamba mlima wake ndo utaokoa watu, mpaka serikali ikapiga marufuku kuupanda. Wenye kumbi za sinema walitajirika, wanakijiji wakasumbuliwa, na tarehe 22 ikaingia kama kawaida.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema sasa shida iko wapi, ni burudani tu, acheni watu wafurahi. Basi mtu huyo atoke kwenye simu aangalie jirani zake wa hapa Afrika Mashariki.

Uganda, Kanungu, tarehe 17 Machi 2000. Kikundi cha dini kilichofundisha kwamba dunia inaisha na mwaka 1999. Wafuasi waliuza mashamba na ng'ombe wakakabidhi hela kwa viongozi. Mwaka ukaisha, dunia ikabaki, watu wakaanza kuuliza mali zao ziko wapi. Siku ile ya Machi wakakusanywa kwenye jengo la ibada, milango na madirisha yakapigiliwa, moto ukawaka. Mamia wakafa humo, watoto wakiwemo, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa kwenye nyumba nyingine za kikundi hichohicho. Angalia mpangilio wake: tarehe ilipokataa kutimia, waliouliza wakafa.

Kenya, msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Aprili 2023. Hapa ni karibu sana, ni pwani yetu, Kiswahili chetu. Mhubiri aliyewahi kuwa dereva wa teksi anashtakiwa, na yeye anakana, kwamba aliwaaminisha wafuasi wakafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu kabla mwisho haujafika. Miili zaidi ya 400 imefukuliwa. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na wengine, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Watu wale hawakuwa wajinga kama mitandao ilivyopenda kusema ile wiki. Waliacha kazi, walikata vyeti, walitoa watoto shule, hatua moja baada ya nyingine, na kila hatua ilianza na mahubiri ambayo watu wengine walikuwa wanayatazama wakiwa wamekaa vizuri sebuleni.

Mtoto hajabonyeza kufuata ukurasa wa mtu yeyote. Wale watoto watatu wa Tandika waliovalishwa nguo nyeupe Jumatatu badala ya sare za shule hawakuulizwa.

Kwa hiyo staa anapoweka mwezi mwekundu na muziki wa kutisha, hafungui Shakahola, hilo halisemwi hapa. Anachofanya ni kulainisha njia. Anazoesha masikio. Mtu akishasikia mara mia kwamba siku zimeisha kutoka kwa mtu anayempenda, siku akija tapeli na tarehe kamili na namba ya kutuma hela, kazi yake imebaki nusu.

Na mastaa wanaijua nguvu ya hii kitu kuliko wachungaji. Kuna msanii mmoja wa kiume, jina kubwa, alifuta picha zote kwenye ukurasa wake akabakiza mandhari nyeusi na maneno machache kuhusu dunia kufika mwisho na yeye kurudi kwa Muumba. Mashabiki wakalia, redio zikajadili siku tatu, mama mzazi akapigiwa simu na waandishi. Wiki ya tatu ngoma ikatoka. Ina chupa, ina mabinti kwenye boti, ina kila kitu isipokuwa Muumba. Kiki ya hivyo zamani ilifanywa kwa kuvunja uchumba, sasa hivi wanavunja dunia nzima.

Watatokea wa kusema kwamba andiko hili linapinga dini. Hebu wasome vitabu vyao wenyewe. Mkristo anafundishwa kwamba siku ile na saa ile haijui mtu. Mwislamu anafundishwa kwamba elimu ya Kiyama iko kwa Mola peke yake. Yaani anayetaja tarehe anapingana na Injili na Kurani kwa mpigo mmoja, na bado anaitwa mtumishi. Waislamu wana na mafundisho ya Mtume kwamba Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi na anaweza kuupanda, aupande. Aupande! Hakuambiwa auze jokofu.

Na watatokea wengine wa kusema mbona hali ya hewa kweli imeharibika, mbona mafuriko kweli yapo. Yapo sana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likapita juu ya Katesh asubuhi, watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa familia za pale dunia iliisha siku ile, na mitandao iliwalilia kama siku nne hivi kisha ikahamia kwenye ugomvi wa mastaa wawili. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga Hidaya kinakuja pwani, boti za Zanzibar zikasimamishwa, mjini watu wakatunga vichekesho. Onyo la kweli lina ramani na kasi ya upepo, halina muziki, linamtaka mtu azibue mtaro na ahame bondeni. Hiyo ni kazi. Unyakuo haumtaki mtu azibue mtaro wowote.

Tarehe 23 ilifika ikapita. Tarehe 24 nayo. Yule wa Afrika Kusini akaja na hesabu nyingine ya kalenda, akasogeza mbele hadi Oktoba tarehe 7 na 8, nazo zikapita. Tandika, lile grupu la WhatsApp lilifungwa alfajiri ya tarehe 25, aliyelianzisha akatoka wa kwanza, ile namba ya sadaka haipatikani.

Asubuhi hiyohiyo ikasambaa klipu ya sekunde ishirini. Kina mama watano na watoto wamevaa nyeupe, wamekaa kwenye mkeka uani, wamechoka, kumekucha, na mtu anayewarekodi anacheka. Dada wa mawigi aliirusha kwenye ukurasa wake. Juu yake aliandika "Jamani wabongo" na sura tano za kucheka. Klipu yake mwenyewe ya mwezi mwekundu ilikuwa bado ipo chini, posti kama kumi na mbili nyuma, haijafutwa mpaka leo.

Oktoba zamu ya mchezo alipewa mwingine. Kijumbe alisema sheria ni sheria, na hana kosa. Mama anashona kama kawaida, mteja akimuuliza kuhusu Septemba anavuta uzi. Mchana kukiwa na joto watoto wake wanapewa mia moja moja, wanakwenda nyumba ya tatu kununua barafu.